Redio, Jembe na Kompyuta: Mwalimu Nyerere na Swali la Maisha Mema



Ukitoka Mnazi Mmoja, jijini Dar es Salaam, ukaufuata Mtaa wa Lumumba kuingia Kariakoo, hutembei muda mrefu kabla ya kufika kwenye maduka ya simu ya mitaa ya Aggrey na Msimbazi. Vijana wa rika letu wameketi nyuma ya meza ndogo, taa kichwani, bisibisi mkononi, wakibadilisha vioo vilivyopasuka. Mteja anaulizwa ana bajeti gani, anataka kamera ya namna gani, na simu ikae na chaji saa ngapi. Haulizwi anaitaka simu hiyo ili aishi vipi. Wala si kazi ya muuzaji kumuuliza hivyo.

Hata hivyo, katika mitaa hii hii, katika miaka ya 1950, alipita mwalimu mmoja mwembamba aliyekuja kuliuliza swali hilo kwa taifa zima. Aliuliza chombo ni cha nani, kinamfikia nani, na kinamfanya binadamu awe nani. Huyo ni Julius Kambarage Nyerere. Wengi wetu tunaosoma falsafa leo tulizaliwa karibu na mwaka aliofariki au baada yake. Tumemjua kwa picha ukutani na kwa sauti redioni kila inapofika tarehe 14 Oktoba. Tungependa kuyasimulia maisha yake kwa upande usiosimuliwa sana: jinsi alivyokabiliana na mashine, elimu na tamaa ya vitu.

Kutoka Butiama hadi Pugu

Alizaliwa Butiama, karibu na Musoma, tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki na mama Mgaya wa Nyang'ombe. Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka 12, na kutoka hapo akaenda Shule ya Serikali ya Tabora. Mwaka 1943 aliingia Makerere, Uganda, kusomea ualimu. Tarehe 23 Desemba ya mwaka huo huo alibatizwa akachukua jina la Julius. Akiwa bado mwanafunzi wa Makerere aliandika insha kuhusu hali ya wanawake katika jamii yake, akitumia hoja alizozipata kwa mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill. Sisi wanafunzi wa falsafa tunalipenda jambo hili. Kijana huyo hakusoma falsafa ili ajibu mtihani tu. Aliichukua hadi nyumbani kwao, akawatazama mama zake kwa macho mapya.

Baada ya Makerere alifundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, iliyokuwa chini ya Mapadre Weupe. Mwaka 1949 alikwenda Edinburgh, Scotland, akasoma historia, uchumi wa siasa, falsafa ya maadili na mengineyo, akarudi na shahada mwaka 1952. Januari 1953 alimwoa Maria Waningu Gabriel, kisha akaajiriwa kufundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, iliyoendeshwa na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu.

Pugu iko kilomita zipatazo 20 kutoka katikati ya mji, na umbali huo ndio uliomkutanisha na Kariakoo.

Mtaa uliobeba jina la wapagazi

Kabla ya kuendelea, tulikumbuke jina la mahali penyewe. Kariakoo ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la Kikosi cha Wapagazi, kilichokuwa na kambi hapo baada ya Waingereza kuuteka mji wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi hao walikuwa Waafrika waliokusanywa, wengi wao kwa nguvu, kubeba risasi, unga na maboksi ya maofisa. Maelfu kwa maelfu walikufa, na waliouawa na maradhi na uchovu walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Kwa maneno mengine, soko kubwa kuliko yote nchini linaitwa kwa jina la watu waliogeuzwa vyombo. Binadamu aliyeumbwa kwa sura na mfano wa Mungu alihesabiwa kwa uzito wa mzigo alioweza kuubeba.

Hapo ndipo Mwalimu alipokuja kufanya siasa. Aprili 1953 alichaguliwa kuwa rais wa TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika. Miongoni mwa waliompokea mjini alikuwa Abdulwahid Sykes, Mwislamu, mtoto wa mjini, aliyekuwa kiongozi wa TAA kabla yake na ambaye kazi yake ilikuwa kusimamia soko la Kariakoo. Walikuwapo pia Dossa Aziz, John Rupia na, muda mfupi baadaye, Bibi Titi Mohamed, aliyewaingiza wanawake wa mjini katika chama kwa maelfu. Tarehe 7 Julai 1954, katika mtaa huo ambao leo unaitwa Lumumba, TAA iligeuzwa kuwa TANU. Mkatoliki kutoka ukingo wa Ziwa Viktoria alikabidhiwa uongozi na watu wa Pwani ambao wengi wao hawakuwa wa dini yake wala wa kabila lake.

Machi 1955, baada ya safari yake ya kwanza kwenda Umoja wa Mataifa, uongozi wa shule ulimtaka achague kati ya ualimu na siasa. Aliacha kazi iliyokuwa na mshahara wa uhakika, akiwa na mke na watoto wadogo. Jina la Mwalimu, hata hivyo, halikumwacha. Baadaye alihamia Magomeni, katika nyumba ya kawaida ambayo leo ni makumbusho.

Chuo kikuu katika ofisi ya chama

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Wiki sita hivi baadaye alijiuzulu uwaziri mkuu, akaenda kuzunguka vijijini kukijenga chama, kisha akarudi akiwa Rais Desemba 1962.

Kuna tukio la wiki chache kabla ya uhuru ambalo linatugusa sisi wanafunzi. Tarehe 25 Oktoba 1961 Chuo Kikuu kilifunguliwa Dar es Salaam kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Hakikuwa na majengo yake. Kilianzia katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, ambalo chama kilikubali kuliachia chuo. Kilihamia Mlimani mwaka 1964. Tunapopita pale leo, katikati ya makelele ya pikipiki na wapiga debe, ni vizuri kukumbuka kwamba elimu ya juu ya nchi hii ilianzia jirani na wauza vitunguu. Mwalimu alitaka msomi asisahau harufu ya soko. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Aliwarudisha nyumbani takriban 400, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Tunaweza kubishana kuhusu adhabu hiyo. Ila kiongozi anayeanza kukata kwenye mfuko wake hakutani naye mtu kila siku.

Jembe kabla ya trekta

Tarehe 5 Februari 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha. Wiki saba kamili baadaye, siku ya Pasaka, tarehe 26 Machi, Baba Mtakatifu Paulo wa Sita alitoa waraka wake Populorum Progressio kuhusu maendeleo ya watu. Hatusemi kwamba mmoja alimwiga mwenzake. Tunasema tu kwamba katika majuma hayo machache, Roma na Dar es Salaam zilikuwa zinalishughulikia jambo moja: maendeleo hayapimwi kwa wingi wa vitu bali kwa ukuaji wa binadamu mzima, na wa kila binadamu.

Mwalimu aliitumia hoja hiyo kwenye vyombo. Wakati huo wengi waliamini kwamba nchi maskini ikinunua matrekta itatajirika. Yeye aliona mkulima wa Tanzania anatumia jembe la mkono. Trekta linahitaji dizeli, vipuri, fundi na fedha za kigeni, na likiharibika linabaki shambani kama mfupa wa tembo. Akasema hatua inayofuata baada ya jembe la mkono ni plau ya kukokotwa na ng'ombe, kwa sababu mkulima anaweza kuinunua, kuielewa na kuitengeneza mwenyewe. Kwa msaada wa Wachina kilijengwa kiwanda cha zana za kilimo Ubungo, kikatoa majembe na plau. Mtu huyo huyo hakuogopa mitambo mikubwa pale alipoona ina kazi kwa wengi. Kati ya 1970 na 1975 ilijengwa reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, baada ya nchi za Magharibi kukataa kuigharimia.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anatufundisha kwamba njia hupimwa kwa lengo lake. Dawa haiwi nzuri kwa ukali wake, bali kwa afya inayoileta. Mwalimu alilitumia somo hilo kwa plau na kwa reli.

Redio ndiyo, televisheni hapana

Chombo alichokipenda ni redio. Ilikuwa rahisi, ilifika kijijini, na watu kumi waliweza kusikiliza moja. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikutana katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba choo, kuchemsha maji, kufyeka nyasi kuzunguka nyumba. Walioshiriki wanakadiriwa kufika milioni 2. Pamoja na madarasa ya watu wazima, ambayo bibi zetu wanayakumbuka kwa jina la ngumbaru, nchi ilipunguza ujinga wa kusoma na kuandika kwa kiasi kilichoishangaza dunia. Kwa takwimu za serikali, mwaka 1986 watu wazima wasiojua kusoma walikuwa wamebaki karibu mmoja katika kumi.

Televisheni ilikuwa habari nyingine. Zanzibar ilianzisha televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara haikuwa na kituo chochote hadi mwaka 1994, miaka tisa baada ya Mwalimu kuacha urais. Hoja ilikuwa kwamba ni ghali, ingewafaidia wachache wa mjini, na kijiji kingebaki gizani kikilipia starehe ya wengine. Vivyo hivyo kompyuta. Serikali ilikuwa na kompyuta katika Wizara ya Fedha tangu 1965, lakini mwaka 1974 uingizaji wa mashine hizo nchini ulipigwa marufuku, na masharti hayo yalilegezwa polepole katika miaka iliyofuata.

Kijana wa Mtaa wa Aggrey akisikia hayo anacheka. Sisi tusicheke haraka, wala tusisifu haraka.

Pale aliposhindwa

Maisha ya mtu huyu yatakuwa hadithi ya watoto tusiposema alipokosea. Ujamaa vijijini ulianza kama mwaliko, lakini kati ya 1973 na 1976 ukawa operesheni. Mamilioni ya watu walihamishwa, wengine kwa kulazimishwa, na nyumba nyingine zikachomwa ili wenyewe wasirudi. Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972 na vyama vya ushirika mwaka 1976. Wapo waliowekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Baada ya Sheria ya Elimu ya 1969 Kanisa lenyewe lilipoteza shule zake nyingi, Pugu ikiwamo, ile aliyofundisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera na bei za mafuta, watu wa Dar es Salaam walipanga foleni ya sukari, sabuni na unga.

Hapa ndipo tunapoona jeraha la hoja yake. Kuuliza chombo ni cha nini ni hekima. Lakini ni nani anayejibu? Mafundisho ya jamii ya Kanisa yana kanuni ya auni: lile ambalo familia au kijiji kinaweza kuliamua na kulitenda, ngazi ya juu isilichukue. Katika kikundi cha Mtu ni Afya watu walisikiliza, wakajadili, wakaamua wenyewe, vyoo vikachimbwa. Katika operesheni ya vijiji waliamuliwa. Kiongozi alikuwa yule yule, na nia yake huenda ilikuwa ile ile. Tofauti ilikuwa kwamba mara ya kwanza mkulima alikuwa mtu anayefikiri, na mara ya pili alibebwa kama mzigo. Katika taifa ambalo soko lake lina jina la wapagazi, hilo lilipaswa kutuuma zaidi.

Kwa haki yake, Mwalimu alikiri hadharani kwamba kufuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Tarehe 5 Novemba 1985 alikabidhi urais kwa hiari, jambo lililokuwa adimu Afrika siku hizo, akarudi Butiama kulima. Kukiri kosa ukiwa bado unasikilizwa ni tunda la mtu anayetafuta dhamiri yake kila jioni. Wanaomkumbuka wanasema alihudhuria Misa karibu kila siku na alikuwa mtu wa kufunga. Mwaka 1996 zilitoka tenzi zake za Enjili, kazi ya mzee aliyetaka Neno la Mungu liimbike kwa Kiswahili.

Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 katika hospitali mjini London, kwa saratani ya damu, akazikwa Butiama. Nalo hili tulitafakari bila dhihaka. Mtu aliyewaomba watu wake wasubiri mashine aliishia mikononi mwa mashine za mbali, ambazo mkulima wa Butiama mwenye ugonjwa ule ule asingeweza kuzifikia. Hatuoni hapo unafiki. Tunaona kwamba kusubiri kuna gharama, na kwamba kuna vyombo ambavyo kuvichelewesha ni kumchelewesha mgonjwa.

Sisi na simu zetu

Soko la Kariakoo tunalolijua lilijengwa enzi zake, likafunguliwa mwaka 1975. Msanifu wake alikuwa Mtanzania, Beda Amuli. Paa lake lilikuwa na umbo la miavuli mikubwa iliyoruhusu hewa ipite, maana mchoraji alijua joto la Dar es Salaam na alijua anamjengea mama muuza mchicha. Julai 2021 liliungua moto, na kazi ya kulirudisha imechukua miaka. Tukiitafuta picha ya teknolojia aliyoipenda Mwalimu, tunaiona katika paa lile: ujuzi wa hali ya juu, uliochorwa na mtu wa hapa, kwa ajili ya watu wasiojua hata jina la msanifu.

Leo hakuna serikali inayoweza kuzuia kompyuta isiingie, ipo mfukoni. Lango alilolilinda Mwalimu kwa sheria sasa liko mkononi mwa kila mmoja wetu, na huenda hapo ndipo lilipostahili kuwa tangu mwanzo. Seminarini tunakabidhi simu kwa vipindi fulani, na tukisema kweli, wengine wetu huona hiyo ni adhabu. Huhesabu siku. Simu zinaporudishwa tunakaa nazo hadi usiku wa manane, na asubuhi Masifu yanatukuta na macho mekundu. Kanuni ilitulinda ilipokuwapo, lakini haikutufanya huru. Ndivyo ilivyokuwa kwa taifa: marufuku ya 1974 haikumfundisha mtu yeyote namna ya kuishi na kompyuta siku itakapokuja.

Kwa hiyo tunachotaka kurithi kwa Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere, ambaye Jimbo la Musoma lilianzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri, ni swali lake zaidi kuliko marufuku yake. Kabla ya kununua, kabla ya kufungua, kabla ya kumtumia mwenzetu ujumbe wa saa saba usiku, tujiulize: hiki kinanifanya mtu zaidi, au kinanifanya mpagazi? Kinamfikia na jirani yangu, au kinanitenga naye? Na jibu tulitafute pamoja, kama wale wa vikundi vya redio waliokaa chini ya mwembe wakajadiliana hadi wakaelewana, kisha wakainuka kwenda kuchimba.

Likizo iliyopita baadhi yetu tulikwenda Kariakoo kutengeneza simu ya mwenzetu. Fundi, kijana mdogo kuliko sisi, alituambia kioo ni kizima. Kilichokufa ni chaja tu, tusipoteze fedha. Angeweza kutudanganya, nasi tusingejua. Tulimlipa bei ya chaja, tukatembea kurudi Mnazi Mmoja kwa Mtaa wa Lumumba. Tulikubaliana kwamba Mwalimu angempenda kijana yule.